Muulize Fundi: Nianzie wapi kupunguza uzito wa baiskeli?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya milimani ya magurudumu ya inchi 29, fremu ya alumini, breki za diski, gia tatu mbele na tisa nyuma. Foki yake, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, ni ya springi ya chuma. Nimeipima, ina kilo 14.6. Mimi mwenyewe nina kilo 72. Wenzangu wananiacha vilimani, na mmoja wao amenishauri ninunue usukani wa kaboni, bolti za titani na kiti chepesi. Akiba ninayo. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hivyo vitatu viache kwanza. Usukani wa alumini una gramu kama 300, wa kaboni 200 na kitu; utatoa fedha nyingi kwa gramu 100. Bolti za titani ndizo hunichekesha zaidi: zote kwa pamoja hazifikii uzito wa maji unayorudi nayo kwenye chupa. Na kiti kinabadilishwa kikikuumiza, basi.

Vua tairi zako uzipime. Kama ni zile ngumu za waya, zisizokunjika, sitashangaa kila moja ikifika gramu 850. Za kukunja za upana uleule zipo za gramu 650 hadi 700. Tyubu ya kawaida ya inchi 29 ina gramu 200 na zaidi. Zile za plastiki nyembamba hazifiki 100, na kwa kuwa breki zako ni za diski, hazikamati rimu, huna haja ya kuhofia joto la rimu kuziharibu. Jumlisha magurudumu mawili: umeshakaribia nusu kilo na bado hujagusa fremu wala gia. Uzito wa ukingoni mwa gurudumu una jambo lake tena. Unapochapuka kutoka kwenye kona, gramu 100 za pale zinakulemea karibu kama 200 zikiwa kwenye fremu. Mkishashika mwendo mmoja kupanda kilima, gramu ni gramu, popote zilipo.

Utasikia pia habari za kuondoa tyubu kabisa na kumwaga dawa ya kuziba ndani ya tairi. Mimi naipenda, lakini si kwa ajili ya mizani: dawa yenyewe ni mililita 100 hivi kila gurudumu, na nayo ina uzito. Raha yake ni kuendesha na upepo mdogo ndani ya tairi bila tyubu kubanwa na jiwe ikatoboka. Hakikisha tu rimu zako zinakubali. Na usikimbilie tairi jepesi kuliko yote dukani. Ubavu wake ni mwembamba, mawe yenye ncha huuchana.

Baada ya tairi, foki. Hapo ndipo kuna uzito hasa. Foki ya springi ya bei nafuu huwa na kilo 2.5, pengine zaidi, na ya hewa kwa gurudumu hilohilo hushuka chini ya kilo 2. Isitoshe, ya hewa unaijaza kwa pampu kulingana na kilo zako 72, badala ya kuvumilia springi iliyochaguliwa kiwandani. Ila kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Bomba lake la shingoni: la zamani lina milimita 28.6 juu hadi chini, ilhali mengi ya sasa yamenenepa upande wa chini, na huenda fremu yako isiyapokee. Halafu ekseli, mhimili wa gurudumu: foki nyingi mpya zinataka ekseli nene ya milimita 15, nawe pengine una ile nyembamba ya mkono wa kufungulia haraka. Hapo utajikuta unanunua na habu (kitovu cha gurudumu), kisha gurudumu zima, na bei yake inaanza kukimbizana na ya baiskeli. Ikifika huko, mimi ningebaki na tairi mpya.

Gia? Kuondoa mbili za mbele pamoja na kibadilishia chake kunapunguza kweli, lakini itakubidi uweke kaseti (fungu la gia za nyuma) kubwa ili upande, nayo inarudisha sehemu kubwa ya ulichotoa. Tena kaseti nyingi zinazoanzia meno 10 hazivaliki kwenye habu ya gia tisa.

Kuhusu wenzako, nikupigie hesabu. Wewe, baiskeli na maji ni kama kilo 88. Ukitoa kilo nzima, kilima kikali cha saa moja utakimaliza mapema kwa sekunde 40 hivi. Kama wanakuacha kwa dakika tano, wana miguu.

SWALI: Bomba la kiti changu ni refu, sehemu kubwa imezama ndani ya fremu. Naweza kulikata kupunguza uzito?

JIBU: Unaweza, kama ni la alumini, na halikugharimu kitu. Kwanza weka kiti kwenye urefu unaoutumia, kisha acha angalau milimita 100 ndani ya fremu, na bomba lipite chini ya pale bomba la juu la fremu linapoungana na bomba la fremu linalopokea hilo la kiti. Kumbuka ile alama ya kiwandani ya mwisho wa kuvuta haitakuwa na maana tena, kwa hiyo chora yako. Baada ya msumeno piga tupa ukingo, ndani na nje, la sivyo utachuna fremu kila ukiliteremsha.