Kope kunicheza wiki tano: yangu yalikuwa hivi

Pole mkuu. Umeuliza kama presha ya kazi mpya inaweza kukufanya jicho na shavu vicheze wiki tatu mfululizo, au kama jirani yako ana haki kusema umetupiwa kitu. La kutupiwa nawaachia nyie wawili. Mimi nisimulie yangu.

Ni mhasibu. Juni ya mwaka juzi, tukiwa tunafunga hesabu za mwaka wa fedha, kope la chini la jicho la kushoto likaanza kucheza. Nikamwambia mama kwenye simu, akanijibu, "Likicheza la chini utalia, mwanangu." Nikakaa siku mbili nasubiri msiba. Haukuja, ila kope likaendelea: asubuhi limetulia, nikiwasha tu kompyuta linaanza. Nilikuwa nainamisha uso wenzangu ofisini wasije wakadhani nawakonyeza, kumbe nikijitazama kwenye kioo halionekani hata kidogo.

Daktari wa macho hakuniandikia dawa. Aliuliza nalala saa ngapi (saa nane usiku), naamka saa ngapi (kumi na moja), kahawa vikombe vingapi. Nikasema vinne, kopo la jioni la kuongeza nguvu nikalificha. Akasema uchovu, kahawa, macho kukauka kwa kukodolea skrini na mawazo mengi, hivyo vyote hulichokoza kope, na kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya siku au wiki kadhaa. Nikabaki na kikombe kimoja. Siku tatu kichwa kiligonga, usidanganywe kwamba ni rahisi. Tarehe 30 tukafunga hesabu, nikalala fofofo, na katikati ya Julai kope likanyamaza. Kama ni kahawa au ni usingizi siwezi kuapa, viliongozana.

Kwako wewe kinachonitia wasiwasi ni shavu. Kope peke yake si la kukunyima raha. Kucheza huko kukishuka shavuni hadi pembe ya mdomo, upande uleule, na hata usingizini hakuachi, mara nyingi ni mshipa wa damu unaoukandamiza mshipa wa fahamu wa uso pale unapotoka kwenye ubongo. Hapo mawazo yanachochea tu moto uliokwisha kuwaka, na likizo haiuzimi. Kuna sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na wengine hufanyiwa upasuaji. Tafuta daktari wa mishipa ya fahamu. Jirekodi video kabisa, maana uso nao una tabia ya gari: ukilifikisha kwa fundi, mlio haupo.

Ila uso ukilegea upande mmoja, mdomo ukaenda kando au maneno yakakwama, achana na sisi humu, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Na dada aliyesema mwanawe wa miaka saba anapepesa macho na kukunja pua: hiyo inaelekea ni tiki, yaani misuli kucheza ghafla tena na tena bila mtoto kukusudia, na si utundu. Mpwa wangu alichapwa darasani eti anakonyeza wenzake. Anaweza kuizuia kidogo, kama unavyozuia chafya, kisha inarudi kwa nguvu zaidi. Kila tulipomwambia "acha!" ilizidi, na wiki za mitihani ndiyo usiseme. Mama yake akaenda kuongea na mwalimu, nasi nyumbani tukaacha kumkodolea. Sasa ana miaka kumi, naiona zaidi mechi ikiwa imekaza dakika za mwisho, na hapo hata baba yake hatulii.