Chanjo ya mpox: ilikuwepo, haikuletwa kwetu

Ndugu, umeuliza kama chanjo ya mpox (ndui ya nyani) ilichelewa kufika Kivu, huku mashariki mwa Kongo, kwa sababu ilikuwa bado haijatengenezwa. Hapana, ilikuwepo! Mwaka 2022 ugonjwa ulipoingia Ulaya na Marekani, watu wa kule walichanjwa mwaka uleule. Kongo, ambako mpox iligunduliwa kwa binadamu tangu 1970, haikupata. Aina mpya ya ugonjwa ikazuka Kamituga, mji wa Kivu Kusini, 2023, ikafika Bukavu, ikaingia kambi za wakimbizi hapa Goma, na watoto ndio walioumia zaidi. Dozi za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 5, 2024. Hapa tulianza kuchanja Oktoba 5. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tuseme ukweli wote: idhini ya serikali yetu nayo ilitoka Juni 2024 tu. Ila UNICEF na Gavi, shirika la kimataifa linalofadhili chanjo, walikuwa wanasubiri kibali cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kilichokuja Septemba.

Mkataba wa WHO wa kukabili majanga ya magonjwa, uliopitishwa Mei 2025, unataka viwanda vitakavyojiunga vitenge asilimia 20 ya chanjo wakati wa janga, angalau nusu yake bure. Lakini kiambatisho cha mgao huo kiliachwa kijadiliwe baadaye, na bila hicho mkataba hausainiwi. Wabunge wetu waulizwe msimamo wao hapo.