Mwanangu, kuhusu mchumba wako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mchumba wako amekueleza kuwa alipokuwa mdogo mjomba wake alimfanyia vitendo vichafu, na alikusimulia huku akimenya viazi, hakuinua macho mpaka alipomaliza. Unaniuliza: mama, tukizaa, watoto watakuwa salama naye?

Una haki ya kuuliza. Ila usimhukumu kwa jambo alilotendewa. Watu husema aliyeharibiwa lazima naye ataharibu wengine, na maneno hayo yamewaziba midomo wanaume wengi. Wanaosema hivyo huwatazama waliofungwa kwa kuharibu watoto, ambao kweli wengi wao waliumizwa utotoni. Lakini aliyeumizwa akakua bila kumgusa mtoto wa mtu hayumo gerezani, nani atamhesabu?

Wapo waliohesabu kwa kuanzia utotoni. Mwaka 2003 watafiti wa London walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 224 waliofanyiwa ukatili wa kingono wakiwa watoto. Waliobainika kuja kutenda makosa ya aina hiyo ni 26. Hao 26 si wa kupuuzwa, mwanangu, karibu wote waliumiza watoto. Kilichoongeza hatari ni kutelekezwa, kukosa mtu wa kuwaangalia, na kushuhudia vipigo vikali nyumbani. Marekani nako, utafiti uliotolewa mwaka 2015, wa watoto waliofuatiliwa mpaka wakawa watu wa makamo, ulikuta waliopigwa na waliotelekezwa ndio waliokamatwa zaidi kwa makosa ya kingono kuliko wenzao.

Kwa hiyo muulize alilelewaje. Nani alimlisha, nani alimwamini aliposema? Mtazame anavyokasirika, na anavyopokea neno "hapana" kutoka kwako. Kama yale ya zamani bado yanamnyima usingizi, aende hospitali ya mkoa akaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Mwanaume kutibiwa moyo si aibu.

Lakini kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo linalonitisha. Yule mjomba yuko wapi? Kama bado yuko hai, na kwenye misiba na harusi analazwa chumba kimoja na watoto, huyo ndiye wa kuogopwa. Muulize mwenzio kwa upole. Mkisikia kuna mtoto anaishi naye, msisubiri kikao cha ukoo, maana kitaishia kwenye "tuyamalize kifamilia". Nendeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au mpige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mkitaka tuongozane, niambieni siku.

Mama yako