Lipi lisubiri, lipi lisilale: fundi bomba anajibu

Barua iliyofika mwisho naijibu kwanza. Mwenyewe akiisoma ataelewa kwa nini.

SWALI: Fundi, hita yetu ya maji ina valvu ndogo ubavuni inayotema maji ya moto. Ilianza kwa matone, sasa inachuruzika, na ndani ya tangi nasikia mngurumo. Jirani kanishauri niweke kizibo pale mdomoni maji yakome. Kizibo nimeshanunua. Nakifunga vipi kisivuje?

JIBU: Usikifunge! Zima hita sasa hivi kwenye swichi yake. Kama ni ya gesi, funga gesi. Halafu ndiyo uendelee kusoma.

Ile valvu imewekwa hapo kwa kazi hiyo hiyo ya kutema. Maji yakipata moto hutanuka, na tangi lililofungwa halina pengine pa kuyatolea. Matone machache wakati hita inapasha si jambo la ajabu. Mngurumo nao, ukiwa peke yake, mara nyingi ni chokaa iliyotuama chini ya tangi. Lakini vyote viwili kwa pamoja, na mchuruziko usiokoma, vinanifanya nishuku kuwa kidhibiti joto kimekufa na maji yanazidi kupashwa bila wa kuyazuia. Ndani ya tangi lenye presha maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Siku tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Matangi ya namna hiyo yamewahi kutoboa paa yakatokea juu. Kizibo cha jirani kingekuwa kimefunga njia pekee ya kupumulia.

Usifungue kiungo chochote, wala usijaribu maji ya moto kwa mkono, yatakubabua. Fundi aje leo, na hita isiwashwe mpaka aipitie. Kizibo kirudishe dukani.

SWALI: Shikamoo Fundi. Kwangu kuna mambo matatu kwa mpigo. Koki ya jikoni inadondosha usiku kucha, inaninyima usingizi. Ukuta wa korido unaopakana na bafu una doa la unyevu. Lilikuwa la ukubwa wa kiganja, sasa limefika kwenye soketi. Na tukivuta choo, tundu la maji la bafuni linabubujika, juzi likarudisha maji machafu kidogo. Mume wangu anasema yote yangoje mwisho wa mwezi, labda koki tu ndiyo itengenezwe mapema kwa sababu ya kelele. Unasemaje?

JIBU: Marahaba, dada. Shemeji kaipanga foleni kichwa chini miguu juu.

Koki ndiyo yenye kelele kuliko zote, na ndiyo yenye subira kuliko zote. Mpira wa ndani umelika, basi. Tone moja kila sekunde ni kama lita 20 kwa siku. Hasara ipo, dharura hakuna. Funga kitambaa mdomoni mwa koki kining'inie hadi ndani ya sinki, maji yateremke kimyakimya, nawe ulale.

Mimi nikipigiwa simu usiku siulizi maji ni mengi kiasi gani. Nauliza: ukifunga, yanakoma? Yakikoma, una muda wa kusubiri kuche na kuchagua fundi unayemwamini. Yasipokoma, au yakiwa yamefika kwenye umeme, au yakiwa maji taka, hapo hakuna cha mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nasisitiza kila mtu ndani ya nyumba aijue koki kuu, ambayo kwa kawaida iko karibu na mita au pale bomba linapoingia nyumbani. Izungushe leo uone kama inafunga, maana koki isiyoguswa kwa miaka hukwama. Nimeshaingia nyumba watu wazima wanne wanakinga maji kwa ndoo, wamelowa chapachapa, na hakuna hata mmoja aliyejua koki kuu iko wapi.

Sasa hilo doa. Lingekuwa mbali na umeme ningekupa siku moja au mbili za kulichunguza, si zaidi, kwa sababu ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Lakini limefika kwenye soketi. Zima umeme wa upande huo na soketi usiiguse. Kisha funga koki zote, asivute mtu choo, piga picha namba za mita ya maji, urudi baada ya saa moja. Zikiwa zimesogea, kuna bomba la presha linalovuja: funga koki kuu, ita fundi. Kama mnatumia maji ya tangi la juu, funga yanayoingia tangini na uweke alama ya kina chake, maana mita haitakuonyesha kitu. Namba zisiposogea, shuku maji ya kuoga yanayopenya kwenye maungio ya vigae, au bomba la kutolea maji. Msioge humo kwanza. Vyovyote iwavyo, umeme usirudishwe kabla fundi umeme hajaifungua soketi.

La choo ndilo linalonikera zaidi. Sinki moja likiziba, tatizo ni lake. Lakini choo kikivutwa na tundu la bafuni likajibu, ujue vyote viwili vinamwaga kwenye bomba moja, na kizuizi kiko mbele yao. Maji taka yakikosa njia hurudi kupitia tundu lililo chini kuliko yote, na kwako ni sakafu ya bafu. Koki kuu haitayazuia yaliyokwisha kuingia bombani, na kila mnachomwaga kinaongeza. Kwa hiyo kuanzia sasa msivute choo, msifue kwa mashine, msioge.

Funua chemba, lile shimo lenye mfuniko ambamo bomba la maji taka hupita, iliyo karibu na nyumba, uchungulie ukiwa umesimama kando. Usiingize kichwa, hewa ya humo inaua. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko baada yake. Ikiwa tupu, kiko kati yake na nyumba. Mwambie fundi hilo kwenye simu, atajua abebe vifaa gani. Na tafadhali, usimwage dawa ya kuzibulia. Bomba likiwa limejaa, dawa hukaa palepale ikimsubiri fundi imuunguze mikono, na yenye asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu.

Kwa hiyo mwambie shemeji: umeme dakika hii, choo na ukuta leo. Fundi akishamaliza hayo mwonyeshe na koki. Kubadilisha mpira ni kazi ya dakika chache.