Maswali ya Wasomaji: Kukusanya Modeli za Magari ya Mbio

Barua tatu tunazozijibu mara hii zinatoka kwa wasomaji wanaokusanya modeli za magari ya mbio, au wanaotaka kuanza.

Swali: Ndugu Mhariri, nimezipenda mbio za langalanga, yaani Formula 1, tangu utotoni, na sasa nimeamua kukusanya modeli za magari yake. Kila ninapotafuta ninakutana na namba 1:18, 1:43 na 1:64. Nichague ipi? Na je, ninunue kila gari linalonivutia?

Jibu: Namba hizo zinaeleza gari halisi limepunguzwa mara ngapi. Gari lenye urefu wa mita 4.5 huwa na sentimita 25 katika uwiano wa 1:18, sentimita kumi na nusu hivi katika 1:43, na sentimita 7 katika 1:64. Huenda ukajiuliza kwa nini ikawa 43, wala si 40 au 50. Uwiano huo ulirithiwa kutoka kwa treni ndogo za kuchezea za Uingereza, ambazo milimita 7 ziliwakilisha futi moja ya treni halisi. Magari madogo yalitengenezwa ili yawekwe kando ya treni hizo, na ukubwa huo ukabaki hata pale treni zilipoondolewa mezani.

Kwa magari ya mbio ninakushauri uanze na 1:43. Watengenezaji kama Spark na Minichamps wametoa magari mengi mno katika uwiano huo, yakiwemo ya timu ndogo zilizosahaulika, na rafu moja inatosha kupanga msimu mzima. Modeli ya 1:18 huonyesha injini na mabomba yake kwa undani unaopendeza sana, lakini magari ishirini ya ukubwa huo hujaza kabati.

Ama kununua kila linalokuvutia, ninakusihi usifanye hivyo. Chagua dereva mmoja, timu moja, au shindano moja kama Saa 24 za Le Mans, mbio za kutwa kucha za huko Ufaransa, kisha ulifuatilie. Anayekusanya washindi wa Le Mans, akifika mwaka 1970, anajua kwamba anatafuta Porsche 917 nyekundu na nyeupe yenye namba 23, ambayo Hans Herrmann na Richard Attwood waliiendesha na kuipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla katika shindano hilo. 917 nyingine yoyote, hata ingependeza namna gani, haizibi pengo hilo. Mtu anayejua anachokitafuta hujifunza pia kutazama. Mbele yangu, ninapoandika, ipo Tyrrell P34 ya mwaka 1976, lile gari la magurudumu sita ambalo Jody Scheckter alishinda nalo nchini Sweden. Ubavuni, pale anapoketi dereva, kuna kidirisha kisichozidi punje ya mchele. Kwa muda mrefu nilidhani ni pambo tu, hadi nilipojifunza kwamba magurudumu manne ya mbele yalikuwa madogo kiasi kwamba dereva hakuweza kuyaona, ndipo akatobolewa dirisha la kuyachungulia. Mtengenezaji aliyekikumbuka kidirisha hicho alilisoma gari lenyewe kabla ya kuligusa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayostahili fedha zako.

Swali: Nimenunua modeli ya McLaren MP4/4 ya Ayrton Senna ya mwaka 1988. Namba 12 ipo na rangi ni zile zile, lakini mahali ambapo kwenye picha pana jina la sigara, hapa pako patupu. Je, nimeuziwa bandia?

Jibu: Hukudanganywa. Sheria za nchi nyingi zinakataza matangazo ya tumbaku, na watengenezaji wengi wa modeli huyaacha nje ili bidhaa zao ziuzwe bila matatizo. Pengo hilo linauma, kwa sababu tangu mwaka 1968, timu ya Lotus ilipoiacha rangi ya kijani ya Uingereza na kuvaa nyekundu, nyeupe na dhahabu za sigara za Gold Leaf, kampuni za tumbaku zililipia sehemu kubwa ya rangi tunazozikumbuka katika langalanga.

Zipo stika nyembamba za kulowekwa majini, ambazo huuzwa peke yake kwa ajili ya kazi hii. Kabla ya kuzinunua, amua gari lako ni la shindano lipi, kwa sababu hata enzi hizo zilikuwapo nchi ambazo timu zililazimika kuliondoa jina la sigara kwenye magari yao, na kwa shindano la aina hiyo modeli yako isiyo na jina huenda ikawa ndiyo sahihi. Tafuta picha ya siku ile ile, si picha ya mwaka ule ule tu. Unapobandika, weka tone la maji juu ya rangi, telezesha stika kutoka kwenye karatasi yake kwa brashi laini wala si kwa kidole, kisha uisogeze ingali imelowa. Kwa maoni yangu inafaa uzibandike: gari lile lilishinda mashindano 15 kati ya 16 ya mwaka huo, na tunalihifadhi jinsi lilivyokuwa. Ila siku ukiliuza, mwambie mnunuzi kwamba stika ni za kwako.

Swali: Baba aliniachia magari ya mbio ya chuma, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Moja limeanza kupata nyufa ndogo, na rangi inabenuka. Je, lina kutu, na litaambukiza mengine?

Jibu: Si kutu. Magari hayo yalitengenezwa kwa mchanganyiko wenye zinki nyingi, na viwandani zamani hizo chembe za madini ya risasi ziliweza kuingia katika mchanganyiko huo. Risasi hiyo, hata ikiwa kidogo sana, huifanya zinki iliwe kutoka ndani, kwenye mipaka ya chembechembe zake. Metali huvimba, hupasuka, na mwishowe humeguka mkononi kama biskuti.

Haiambukizi. Ubaya umo ndani ya kila gari tangu siku lilipomiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo huna haja ya kuyatenga mengine, ingawa unapaswa kuyachunguza kwa sababu huenda yalitoka katika mchanganyiko ule ule. Tiba haipo, na ninasikitika kukuambia hivyo kuhusu kitu alichokuachia mzazi. Gundi na rangi mpya huficha nyufa kwa muda tu. Unachoweza ni kuichelewesha hali hiyo: unyevu na joto huiharakisha, basi liweke gari mahali pakavu pasipopigwa na jua, usilifungie ndani ya sponji wala plastiki inayogusa rangi, na linyanyue kwa kulishika chini, kamwe si kwa magurudumu. Lipige picha sasa, pande zote na hata tumboni, wakati umbo lake bado linasomeka.