Kwa wewe unayeanza kazi katika maabara ya uzazi, tunamotungisha mayai nje ya mwili

Siku ya kwanza njoo bila manukato. Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniliza. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ambayo nguo haivaliwi kabla haijapita juu ya chetezo, na nilipopata kazi Nairobi mama alizifukiza udi nguo zangu zote kabla ya kuzitia kwenye begi. Mkuu wa maabara alinisimamisha mlangoni, akaniambia nirudi nikaoge na kubadilisha kila kitu. Nilidhani ananidharau. Jioni alinikalisha, akanieleza. Mimba iliyo tumboni ina mama wa kuikinga, na mama ana ini na figo za kuchuja sumu. Kiinitete, yaani yai lililotungishwa na kuanza kukua, kikiwa kwenye sahani ya maabara hakina. Harufu tunayoisikia ni kemikali inayoelea hewani, na kemikali nyingi za namna hiyo hupenda mafuta. Sisi nasi huyafunika kwa mafuta matone ya majimaji yanayokuzia viinitete ili yasikauke, basi yale mafuta huzinyonya na kuzifikisha pale pale tusipotaka zifike. Udi, asumini ya nywele, losheni, sabuni ya deki yenye harufu ya ndimu, rangi mpya ya ukuta wa ofisi ya jirani: vyote hivyo ni habari yako sasa. Mama yangu alipoelewa, alinishonea mfuko wa kitambaa wa kutengea nguo za kazini, na hadi leo hauguswi na mtu.

Hewa ina mtego mwingine, na huu wahusu hasa mtakaofanya kazi nyanda za juu. Ukisoma mwongozo wa inkubeta, lile kabati lenye joto tunamokuzia viinitete, utaona gesi ya kabonidayoksaidi imetajwa kuwa asilimia 5 au 6. Aliyeandika alikuwa usawa wa bahari. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu yake, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Kinachoamua pH (kiwango cha uchachu) ya majimaji ya kukuzia ni shinikizo la gesi hiyo yenyewe, na asilimia moja ya hewa nzito si sawa na asilimia moja ya hewa nyepesi. Kwa hiyo palipotosha 6 Mombasa, Nairobi patahitaji kama 7.3 ili pH ibaki kati ya 7.2 na 7.4. Aliyehamia bara kutoka pwani ameliona jambo hili jikoni: maharagwe hukawia kuiva, kwa kuwa maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Mimi maharagwe niliyajua, inkubeta sikuijua. Nilipopewa mashine mpya kuiandaa, niliiweka 6 kama kitabu kilivyosema. Bahati njema tulikuwa na desturi ya kulaza sahani tupu ya majaribio usiku kucha kabla ya kuweka chochote chenye uhai. Asubuhi majimaji, ambayo yana rangi ya kuonyesha pH, yalikuwa yameacha ule wekundu uliofifia na kuingia waridi inayokaribia zambarau. Hakuna aliyepoteza kitu. Tangu hapo hakuna kifaa ninachokiamini kwa kuwa kioo chake kimeonyesha namba nzuri. Pima kwa kipimo kingine, kila asubuhi, na uandike.

Kuandika ndiko ninakotaka kukaa kidogo, maana wengi wenu mtakuja mkiwa na hamu ya hadubini na sindano, na daftari mtaliona kama adhabu.

Mfikirie Miriam Menkin. Alikuwa msaidizi wa maabara wa daktari John Rock huko Boston, na kwa takriban miaka 6 alikuwa akisubiri mayai yatoke chumba cha upasuaji, anayaosha, anayachanganya na mbegu za kiume, anatazama, hakuna kitu. Wiki inayofuata anaanza tena. Februari 1944 mtoto wake mchanga alikuwa akiota meno na hakumwachia usingizi. Kazini siku hiyo aliosha mbegu mara moja tu kinyume na kawaida yake, akatumia maji yenye mbegu nyingi zaidi, na kwa uchovu akaziacha pamoja na yai kama saa nzima badala ya nusu saa. Yai likatungika. Lilikuwa yai la kwanza la binadamu kuonekana limetungishwa nje ya mwili, na mwaka huo huo yeye na Rock wakaichapisha habari hiyo katika jarida la Science. Watu husimulia kisa hiki kama bahati. Mimi naona kwamba uchovu umewapata mafundi wengi, ila yeye alijua hasa ni nini alichobadilisha, hatua kwa hatua, na aliweza kukirudia.

Vivyo hivyo Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gianpiero Palermo alikuwa akijaribu kuingiza mbegu chini ya ganda la yai, na mara moja mbegu ikapenya kupita kiasi, ikaingia ndani ya yai lenyewe. Angeweza kulitupa na kuandika "limeharibika." Aliliweka, akalifuatilia. Mwaka 1992 yeye na wenzake walichapisha mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuchoma mbegu moja ndani ya yai moja, njia tunayoiita ICSI. Leo mwanamume ambaye zamani angeambiwa hana lake anaweza kuitwa baba, na mizizi ya jambo hilo ni yai ambalo mtu mwingine angelitia kwenye ndoo.

Halafu Jean Purdy. Jina la Robert Edwards mtalisikia, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010 kwa kazi ya kutungisha mayai nje ya mwili, na la daktari Patrick Steptoe pia. Purdy alikuwa muuguzi, akajifunza maabara, na kwa miaka mingi alisafiri na Edwards kutoka Cambridge hadi Oldham kwa kazi ile. Ndiye aliyekuwa kwenye hadubini alipoona seli za kiinitete kilichokuja kuwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hii, zikigawanyika. Mtoto huyo alizaliwa 25 Julai 1978. Purdy alifariki 1985 akiwa na miaka 39, na kibao cha kwanza cha kumbukumbu huko Oldham hakikuwa na jina lake, ingawa Edwards aliandika kuomba liwekwe. Hilo linaniuma kila nikilitaja. Lakini madaftari yalibaki. Kutokana nayo watafiti wa baadaye waliweza kuhesabu kwamba kati ya 1969 na 1978 wanawake 282 walijitolea, viinitete vikarudishwa tumboni mara 112, mimba 5 zikashika, watoto 2 wakazaliwa. Soma tena namba hizo. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikuwa limewanyima fedha tangu 1971. Anayeandika "hapana" mara mia moja kwa uaminifu ule ule ambao angeandikia "ndiyo" ndiye ninayemtaka awe jirani yangu mezani.

Kwetu niliona faida yake mwaka wangu wa nne. Viinitete vilianza kusimama siku ya tatu, vikiwa na seli sita au saba, havisongi mbele. Kila mtu alikuwa na dhana yake: dawa za wagonjwa, umri, umeme. Kijana mmoja fundi, mgeni kama ninyi, alikuwa na desturi ya kuandika namba ya shehena ya kila chupa anayoifungua, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeanza kulipuuza. Tulikaa na daftari lake jioni moja tu. Kila sahani iliyokwama ilikuwa imetumia mafuta ya shehena moja, na kwa kadiri tulivyoweza kujua ilikuwa imekaa mahali penye joto kabla ya kutufikia. Tuliitupa, na wiki iliyofuata viinitete vikaenda mpaka siku ya tano. Fikiria wale waliopita katika wiki zile. Siwezi kuwasahau.

Majina ni hatari kuliko mnavyodhani. Siku moja tulikuwa na akina mama wawili kwa mpigo, wote Fatuma Ali. Jumatatu nyingine Mary Wanjiru walikuwa watatu. Usisome jina peke yake kamwe. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili, kwa sauti, mbele ya mwenzako anayetazama kwa macho yake, kila mara unapohamisha kitu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Mwenzako akiwa chooni, subiri. Daktari akikuharakisha, subiri. Nimewahi kumzuia mkuu wangu mkono ukiwa hewani kwa sababu namba ya sahani haikulingana na ya faili. Alinishukuru siku ya pili, si siku hiyo.

Kuhusu mikono sina mengi. Itakuja. Anza na kuosha mbegu na kuzihesabu mpaka hesabu zako na za mwalimu wako zifanane, kisha uhamishe sahani tupu mara mia, kisha ujifunze sindano kwa mayai machanga ambayo hayawezi kutumika, na hayo kwa idhini ya mwenyewe. Mwenye haraka hapa hana nafasi.

Nitrojeni ya kugandishia mayai na viinitete iko kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Vaa miwani na glavu zake, na usikae nayo chumba kisichopitisha hewa, kwani inapovukiza hufukuza oksijeni bila harufu wala dalili. Pima kina cha kila tangi kwa rula, kwa mkono wako, hata kama kuna king'ora. Machi 2018, huko Cleveland, Marekani, tangi moja lilipanda joto wikendi. King'ora cha kuwaita watu walio mbali kilikuwa kimezimwa, na mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikapotea. Sisi wa nchi ambazo umeme hukatika tunapaswa kuwa hodari zaidi katika hili. Jua dizeli ya jenereta iko kiasi gani kabla hujaenda nyumbani.

Wapo watakaokuambia utafiti ni wa huko kwa wenzetu. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hii 2004, chini ya daktari Edward Tamale Sali, na Kenya 2006, chini ya daktari Joshua Noreh. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 katika 6 hupatwa na ugumba wakati fulani maishani, na huku kwetu sababu kubwa ni mirija ya uzazi iliyoziba baada ya maambukizi yasiyotibiwa: klamidia, kisonono, homa za baada ya kujifungua. Hayo ni maswali yetu, na anayeyaona kila siku ni sisi. Someni pia kazi iliyofanyika Genk, Ubelgiji, na Willem Ombelet na Jonathan Van Blerkom. Wao walikuza viinitete ndani ya vichupa vilivyozibwa, gesi ikitengenezwa kwa asidi ya sitriki na baikaboneti ya soda, bila inkubeta ya bei ya nyumba, na watoto wakazaliwa. Nataka mmoja wenu aifanyie kazi njia ya namna hiyo huku kwetu, apime, achapishe, hata kama majibu hayatampendeza.

Mwisho ni watu. Neno "tasa" lisitoke kinywani mwako. Mwanamume ana sehemu katika karibu nusu ya kesi, lakini utawaona wake wakiletwa na mama mkwe, mume kabaki nyumbani. Mwite. Na usiwapambie namba. Nchini Uingereza, ambako matokeo ya vituo hukusanywa na mamlaka ya serikali, takriban theluthi moja ya viinitete vinavyorudishwa huzaa mtoto kwa walio chini ya miaka 35, na kwa waliofika 43 wakitumia mayai yao ni karibu 5 tu kwa 100. Mtu ameuza shamba kuja kwako. Ana haki ya kuijua namba hiyo kabla ya kulipa.

Mayai tuliyoyaweka na mbegu saa nane mchana huangaliwa saa mbili asubuhi. Utatafuta viini viwili ndani ya kila yai, kimoja cha mama na kimoja cha baba, ndiyo dalili kwamba limetungika. Kuna asubuhi utafungua na usione hata yai moja lenye viini viwili. Usimwachie mtu wa mapokezi kupiga simu hiyo. Piga wewe, na upige mapema, kwa sababu yeye hajalala. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu. Yule dada wa Machakos alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa nao wewe mwenyewe?" Nikamwambia nilikuwa nao tangu alfajiri. Akasema, "Haya, asante," akakaa kwenye simu bila kusema neno, nami nikakaa naye.