Kompyuta "imeisoma", kwa hiyo ni nzima?

SWALI: Fundi, mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Kompyuta mpakato yetu ya mwaka 2014 inawaka taratibu mno, na msimu wa korosho umekaribia. Kuna fundi anataka kutuwekea SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, ya TB 2 (kama GB 2,000) kwa Sh 60,000. Ameichomeka mbele yangu, kompyuta ikasoma TB 2 kamili. Tuifunge?

JIBU: Msiifunge. SSD mnaihitaji kweli: diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk) husoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA, yaani ya plagi ileile ya diski hiyo, hufika MB 550, na ya inchi 2.5 itakaa palepale ilipo ya zamani. Kinachonikera ni hilo neno "imesoma". Hapa Mtwara mjini naletewa vifaa kila wiki, na mwenyewe anaapa ni vizima kwa sababu hiyo tu.

Dada yangu, kompyuta haipimi ujazo. Inauliza, na kidhibiti, chipu inayoiongoza SSD kwa ndani, kinajibu kile kilichoandikiwa. Tapeli akikiandikia TB 2, kitajibu TB 2 hata kama chipu za kuhifadhia ni za GB 64. Juzi nilifungua moja hapa mezani: memori kadi ya simu imebandikwa kwa gundi, pembeni kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Wewe karani hupokei gunia kwa maandishi ya juu, unaliweka kwenye mizani!

Siku ya kwanza hutaona kitu. Windows itaingia, mtaandika, mtahifadhi. Mkivuka zile GB 64, data mpya inafuta ya zamani au haiandikwi popote. Majina ya mafaili yanabaki yote, lakini faili la malipo ya wakulima halifunguki. Hapo fundi yuleyule atasema ni virusi, akutoze tena kuvitoa. Si virusi, na hakuna programu ya kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Hesabu za chama hazijazi GB 256. Nunueni hiyo, ya kampuni inayojulikana, yenye waranti. Kabla ya kuweka chochote, ijazeni yote kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huandika kisha husoma upya kuhakiki. Inachukua muda. Muuzaji asiyetaka kusubiri, mwachieni mzigo wake.

Flashi na memori kadi za TB 1 za bei ya kutupa, kuanzia Kilwa hadi Masasi, ni mchezo huohuo. Aliyekwisha kununua asiendelee kuijaza. Anakili leo yale mafaili ambayo bado yanafunguka.